Tabora au Kigoma? Kwa mwenye siku nne na hamu ya historia

Desemba ikikaribia, simu ya namna hii lazima ije. Mwaka huu alipiga mpwa wangu, mwalimu wa historia wa sekondari huko Dodoma. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaingia kwenye lake: "Mjomba, nina siku nne na nauli ya mji mmoja tu. Niende Tabora au Kigoma?" Nilianza kumjibu nimesimama uani, nikamaliza nimekaa kwenye kigoda na chai imepoa. Yanayofuata ni yale niliyomwambia, pamoja na mengine yaliyonijia usiku baada ya kukata simu.

Niseme mapema nilipo. Nimezaliwa Tabora na nimeoa Ujiji, kwa hiyo miji hii yote miwili ni kwetu. Lakini haifanani hata kidogo. Historia ya Kigoma iko wazi: meli, stesheni, mnara, ziwa. Hata asiyejua lolote akifika ataona kitu cha kumshangaza. Ya Tabora iko ardhini na vinywani mwa watu. Ukiingia Tabora bila mtu wa kukusimulia, utaona miembe, mchanga na mji mtulivu, kisha utarudi kwenu useme hakuna kitu. Nimewasikia wengi wakisema hivyo, na kila mara huniuma, maana walipita juu ya mambo mazito bila kujua.

Mwembe wa Ujiji, tembe la Kwihara

Tuanze na hadithi ambayo kila mtoto wa shule anaijua nusu. Novemba 10, 1871, kwa tarehe aliyoiandika mwenyewe, Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliingia Ujiji na msafara wake, bendera ya Marekani ikiwa mbele, akamkuta David Livingstone. Ulaya na Marekani hawakuwa na habari za kuaminika kama mzee huyo yuko hai. Stanley akavua kofia na kusema maneno yake yale mashuhuri, "Dakta Livingstone, bila shaka?" Au alidai kwamba aliyasema. Katika shajara yake, ukurasa wa siku hiyo umechanwa, na hakuna mtu mwingine aliyeyaandika. Jambo moja halina ubishi: aliyetoka mbio kumlaki Stanley hakuwa Mzungu. Alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, na yeye ndiye aliyekimbia kurudi kumwambia bwana wake kwamba kuna mgeni.

Ukienda Ujiji leo, kilomita chache tu kutoka katikati ya Kigoma, utakuta mnara, makumbusho, sanamu za wale wawili wakisalimiana kwa kofia, na miembe iliyotokana na mwembe wa asili, ambao wenyewe ulikufa zamani. Hapo ndipo wageni wengi hupiga picha na kuondoka. Mimi ningekuomba ukae kidogo, uangalie upande wa ziwa. Maji yako mbali. Utajiuliza: mbona inasimuliwa kwamba Livingstone alikaa karibu na ufuko?

Jibu lake ni mojawapo ya mambo matamu kabisa ya mji huu. Ziwa Tanganyika halikuwa na kimo hiki. Miaka ile ya 1870 lilikuwa likijaa mwaka hadi mwaka, kwa sababu mto wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na mchanga na matete. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 alikuta michikichi iliyokuwa sokoni mwaka 1871 sasa imesimama ndani ya maji. Kisha, mnamo mwaka 1878, ziwa likaizidi nguvu ile kinga, maji yakapasua njia kuelekea Mto Kongo, na kwa muda wa miaka kama 15 hivi ziwa likashuka takriban mita 10. Ufuko aliouona Livingstone ulihama. Mama mkwe wangu, aliyezaliwa na kukulia Ujiji, hunionyesha mteremko nyuma ya nyumba na kusema, "Hapa pote palikuwa pa samaki." Nilidhani ni masimulizi tu ya wazee, hadi nilipoyasoma ya Lukuga.

Sasa njoo Kwihara, kilomita sita hivi kutoka mjini Tabora. Wengi hawajui kwamba Stanley na Livingstone hawakuagana Ujiji. Walipanda mtumbwi pamoja hadi kaskazini mwa ziwa, wakakuta Mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki, na hapo likafa lile wazo kwamba huenda ziwa hili ndilo linaulisha Nile kupitia huko. Kisha wakasafiri hadi Unyanyembe, yaani nchi ya huku Tabora, wakafika Kwihara Februari 18, 1872, wakakaa nyumba moja. Machi 14 wakaagana, hawakuonana tena. Livingstone alibaki palepale akisubiri wapagazi ambao Stanley alikwenda kumtafutia pwani, akasubiri miezi mitano na zaidi, ndipo Agosti 25 akaondoka kuelekea kusini. Kwa maana hiyo Kwihara ilimkalisha Livingstone kuliko siku zote alizokaa na Stanley Ujiji.

Kilichonifanya niipende Kwihara ni kilichotokea baadaye. Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 kwenye kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao wakauzika moyo wake huko chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga ndani ya magome na kitambaa cha tanga, kisha wakaanza kuubeba kuja pwani. Oktoba 1873 wakafika hapa Kwihara. Wakamkuta luteni wa Kiingereza, Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akawashauri waache taabu, wamzike hapahapa. Wakakataa. Waliahidiana kumfikisha kwao, nao wakaendelea na safari hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Aprili 18 mwaka huo mwili ukazikwa Westminster Abbey, London.

Pima mwenyewe mizani. Ujiji kuna salamu ya kofia iliyozunguka dunia nzima. Kwihara kuna watu waliokataa ushauri wa mwenye cheo kwa sababu walikuwa na ahadi. Kwangu mimi hii ya pili ndiyo hadithi kubwa, lakini haina sanamu, na tembe lenyewe linaonekana la kawaida ukiwa nje: kuta nene za udongo, dari ya miti, baridi nzuri ndani hata jua la Oktoba likiwa linachoma.

Mara ya mwisho nilipokwenda nilimkuta mzee mmoja chini ya mwembe, akanikaribisha. Nilipomwambia kwamba nataka kuona chumba cha Livingstone alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Na mzigo wa mpagazi unaujua?" Akanipeleka nyuma kulikokuwa na kiroba cha mpunga, akanisaidia kukiweka begani. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa akibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, juu yake mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Nilitembea na kile kiroba mpaka kwenye barabara na kurudi. Bega liliwaka. Kutoka Tabora hadi pwani ni zaidi ya kilomita 800, na vijana wa hapa walikuwa hawahesabiwi kuwa wanaume kamili mpaka wamekwenda pwani na kurudi. Baada ya siku ile, kila nikisoma kwamba "msafara ulifika", najua nani aliufikisha.

Hii njia ya kati, kutoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo, ndiyo iliyopitisha pembe za ndovu na watumwa. Usije ukaenda mji wowote kati ya hii miwili ukaishia kwenye habari za wapelelezi tu. Ujiji ilikuwa bandari ya watu waliovushwa kutoka Kongo wakiwa wamefungwa. Unyanyembe ilikuwa kituo kikuu cha wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili kuanzia miaka ya 1850. Miembe mikubwa unayoiona Ujiji na Tabora ni alama ya njia hiyo. Waliokuja kutoka pwani walikuja na mbegu zao. Tunda ni tamu na kivuli ni kizuri, lakini wakati mwingine nikikaa chini yake nawakumbuka waliopumzishwa hapo bila kupenda.

Watawala: hapa Tabora inashinda wazi

Upande wa watawala Kigoma haina cha kuweka mezani kinacholingana. Ujiji ilikuwa na Muhammad bin Khalfan, maarufu kama Rumaliza, aliyeshika mji miaka ya 1880, lakini hakuna kitu chake cha kwenda kukiona.

Tabora kuna Mirambo. Huyu alitoka kwenye utemi mdogo, akajenga jeshi la rugaruga, yaani wapiganaji wa kukodiwa, akaikaba njia ya biashara kati ya Unyanyembe na Ujiji mpaka wafanyabiashara wakashindwa kupita. Agosti 1871 Waarabu wa Tabora walipokwenda kumpiga, wakiwa na Stanley ndani ya kikosi chao, aliwazunguka, akawavizia, na kabla ya mwezi kwisha akaja kuichoma sehemu ya Tabora yenyewe. Stanley alikuwa Kwihara akitoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za lile tembe. Kama si Mirambo, Stanley angefika Ujiji mapema, pengine kabla Livingstone hajarudi kutoka Kongo, na asingemkuta. Ule mkutano maarufu wa Ujiji una deni kwa vita vya Tabora! Mirambo alifariki Desemba 1884, na jina lake liko kwenye wilaya ya Urambo, ambayo treni ya Kigoma hupita katikati yake.

Kisha kuna Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliyewakatalia Wajerumani. Ngome yake ilishambuliwa mara kadhaa kabla haijaanguka Januari 1893, kikosi kikiongozwa na Tom von Prince. Isike alipoona wameingia, aliwasha ghala la baruti akiwa ndani. Ukifika eneo la ikulu ya zamani ya watemi, kumbuka kwamba hata neno hilo Ikulu, tunaloliandika kwa herufi kubwa tukimaanisha makao ya Rais, Kiswahili kimelichukua kutoka kwenye lugha za huku kwetu, Kinyamwezi na Kisukuma, likiwa na maana ya makao ya mtemi.

Meli iliyozama na kurudi, na dhahabu ya karakana

Vita Kuu ya Kwanza iliiachia kila mji kitu chake, na hapa uchaguzi unakuwa mgumu.

Kigoma kuna Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande na kufungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Reli yenyewe ilikuwa imefika Kigoma mapema mwaka 1914 tu, kwa hiyo walikuwa kama wanafukuzana. Mafundi wakaiunga upya, ikashushwa majini Februari 5, 1915 kwa jina la Graf von Götzen, gavana aliyekuwa madarakani wakati wa Vita vya Maji Maji. Ina urefu wa mita 71 hivi. Ilifungwa mzinga uliotolewa kwenye manowari Königsberg, ile iliyozamishwa Rufiji. Julai 26, 1916, Wabelgiji wakiwa mlangoni, Wajerumani wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini grisi nzito, kana kwamba wanasema tutarudi. Siku mbili baadaye Kigoma ikatekwa.

Grisi ile ilifanya kazi. Waingereza walipoiinua Machi 1924, injini zilikuwa nzima. Ikatengenezwa, ikaanza safari tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini likitumika kwa ziwa hili. Babu yake mke wangu alisafiri nayo, baba mkwe alisafiri nayo, na mke wangu alisafiri nayo akiwa binti mdogo kwenda Kasanga. Anakumbuka zaidi sauti ya honi usiku, na mitumbwi inayoijia gizani ikiwa na taa, watu wakipandisha mifuko ya dagaa, kuku na watoto kabla meli haijaondoka. Vijiji vingi vya kusini havikuwa na gati, kwa hiyo meli ilisimama kwenye kina na mitumbwi ndiyo iliyoifuata. Meli ya karne nzima iliyofanya kazi ya daladala. Miaka hii imekuwa kwenye mipango na kazi za ukarabati mkubwa, kwa hiyo kabla ya kufunga safari kwa ajili yake uliza bandarini kama utaruhusiwa kuiona.

Tabora ilibaki na kitu kidogo kinachotosha kufichwa kiganjani. Mwaka 1916 koloni lilikuwa limezingirwa na meli za Waingereza, fedha kutoka Ujerumani haziingii, na askari na wapagazi wanataka malipo. Utawala ukiwa umehamia Tabora, karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, huko Singida ya leo. Zikapigwa sarafu za rupia 15, upande mmoja tembo amenyanyua mkonga mbele ya milima, na herufi T ya Tabora. Zilitoka zaidi ya 16,000 kidogo. Zilipigwa pia za shaba za heller, na hizo ndizo mtu wa kawaida aliziona. Fikiria fundi wa treni, amezoea kuchonga vipuri vya injini, anapewa dhahabu na kuambiwa atengeneze pesa. Sarafu hizo leo ziko kwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani kwa bei kubwa, wala hutaiona Tabora ukizunguka mitaani. Ndiyo maana nasema mji huu lazima usimuliwe.

Septemba 19, 1916 Wabelgiji chini ya Jenerali Charles Tombeur wakaingia Tabora baada ya mapigano ya siku kadhaa. Ushindi huo waliuthamini sana. Tombeur baadaye alipewa cheo cha ubaroni na jina la "Tombeur de Tabora", na katikati ya Brussels kuna mtaa unaoitwa Tabora hadi leo. Watu wanaupita kila siku kwenda kazini na wengi wao, naamini, hawajui kwamba sisi tupo. Kigoma nako Wabelgiji hawakuondoka moja kwa moja: kwa mkataba wa mwaka 1921 walipewa eneo bandarini, Kigoma na Dar es Salaam, kupitishia mizigo ya Kongo, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka.

Upande wa majengo ya Wajerumani, Kigoma inaongoza kwa uzuri. Stesheni yake imekaa juu ya ziwa, na ukishuka kwenye behewa asubuhi ukaona maji mbele yako baada ya usiku mzima wa pori, moyo unaruka. Kuna pia jengo linaloitwa nyumba ya Kaisari. Husimuliwa kwamba lilijengwa kwa ajili ya mfalme wa Ujerumani akija kuwinda. Hakuja. Tabora kuna boma la Kijerumani juu ya mwinuko, zito na pana, lakini ni eneo la jeshi, kwa hiyo usiinue simu kupiga picha bila ruhusa.

1958 na 1965

Kama unafundisha uraia au historia ya uhuru, Tabora haina mpinzani. Nyerere aliingia sekondari ya Tabora mwaka 1937, shule ambayo Waingereza waliianzisha kwa ajili ya watoto wa machifu, na baada ya Makerere akarudi kufundisha St. Mary's hapahapa mjini. Kisha Januari 1958 chama cha TANU kilifanya mkutano wake mkuu Tabora kuamua kama kiingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ule ambao kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi walitaka kususia, na walikuwa na sababu, maana masharti yale yalikuwa ya dharau. Nyerere akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu akatoka na kuanzisha chama chake. TANU ikashinda, na miaka chini ya minne baadaye nchi ikawa huru. Ule uamuzi wa busara, kama tunavyouita, ungepotea siku ile, sijui tungepata uhuru kwa njia gani.

Kigoma nayo ina siri yake ya mapinduzi. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma usiku kwenda kuwasaidia wapiganaji wa Kongo, na Novemba mwaka huohuo akarudi kwa njia hiyohiyo, safari yake imeshindwa. Hakuna bango wala mnara. Ukikaa ufukoni Kibirizi jioni ukaiona milima ya Kongo ng'ambo, utaelewa tu kwa nini mtu angechagua hapa.

Hapohapo Kibirizi ndipo zinapoondokea boti za kwenda Gombe. Jane Goodall alifika huko Julai 1960 pamoja na mama yake, na miezi michache baadaye akaona sokwe akichokonoa kichuguu kwa kijiti alichokitengeneza mwenyewe. Mpaka siku ile wataalamu walisema kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake. Watu hawajui kwamba alikwama kwanza Kigoma mjini, kwa sababu Wabelgiji walikuwa wakikimbia Kongo iliyopata uhuru, mji umejaa, na yeye na mama yake wakasaidia kuwatengenezea wakimbizi sandwichi. Gombe ni siku nzima, na gharama zake si za nauli ya daladala. Kwa mwenye siku nne, ukiiweka Gombe jua kwamba Ujiji utaipa nusu siku tu.

Mdomoni na njiani

Chakula sitakipa nafasi kubwa. Kigoma kula mgebuka wa kuchoma na ugali wa muhogo, na dagaa wenye mawese. Tabora nunua asali ya nyuki wa miombo, na utafute matobolwa: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu kama ngozi. Usivichanganye na michembe, ambayo huanikwa mibichi. Wenyeji wengi watakuambia jina Tabora limetokana na hayo matobolwa, chakula kilichofaa safari ndefu. Weka kipande kimoja mdomoni, ukitafune taratibu, utaona utamu unakuja polepole na tumbo linatulia. Ndicho kilichowafikisha watu pwani.

Majira yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Tabora njoo Novemba au Desemba maembe yakiwa yameiva na mvua zimetuliza vumbi. Kigoma angalia mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Ukienda mbalamwezi imejaa, wavuvi wamepumzika na ziwa ni jeusi tu. Ukienda kwenye giza, utaona taa mamia kwa mamia juu ya maji kana kwamba kuna mji mwingine huko. Na miaka ya karibuni uvuvi umekuwa ukisimamishwa katikati ya mwaka, mwaka 2024 ilikuwa Mei 15 hadi Agosti 15, kwa hiyo miezi hiyo usitegemee mandhari hiyo.

Sasa nani aende wapi? Mwenye watoto wadogo, au anayekuja mara moja tu maishani, aende Kigoma, hatajuta, macho yatashiba. Mwalimu, mwanafunzi, au mtu anayetaka kujua nchi hii ilijengwa na mabega ya nani, aje Tabora, lakini atafute mwenyeji kwanza. Mpwa wangu nilimwambia Tabora. Akasita, akaniambia wanafunzi wake wanataka picha za ziwa. Nikamjibu kwamba kuna njia ya tatu kama yuko tayari kulala kwenye behewa.

Akae Tabora siku mbili. Ya kwanza Kwihara asubuhi na Itetemia, kwenye ikulu ya zamani ya watemi, mchana. Ya pili shule, boma kwa nje, na soko. Kisha apande treni ya Kigoma, karibu kilomita 400, na aombe kiti cha dirishani. Atapita Urambo kwa Mirambo. Atavuka Malagarasi, mto ambao misafara ilitozwa hongo, yaani ushuru wa kupita, kabla ya kuvushwa kwa mitumbwi, na Stanley alilalamika sana juu ya bei. Atapita Uvinza, kwenye chemchemi za chumvi ambazo watu wamekuwa wakizichemsha kwa zaidi ya miaka 1,000. Njia yote ile ndiyo waliyotembea kwa miguu. Akishuka Kigoma atabakiwa na siku moja na nusu, inatosha Ujiji na bandari, Gombe aiache kwa safari nyingine.

"Na Kwihara nimwulize nani, mjomba?" akaniuliza.

Nikamwambia achukue bodaboda hapo stesheni, wapatane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, maana kule usafiri wa kurudi ni wa bahati. Akifika asalimie kwanza, "Mwangaluka", asiulize kitu mpaka ajibiwe. Halafu amtafute mzee chini ya mwembe, na akiambiwa abebe kiroba, abebe.